Orodha ya Shangazi na Mashine Iliyofukizwa Udi

Kompyuta yangu ilikufa ikinukia vizuri. Hilo ndilo jambo la pekee ninaloweza kujivunia katika kisa hiki, na hata hilo, kama mtakavyoona, ndilo lililoiua.

Nilikuwa karani wa kupiga chapa kwa zaidi ya miaka thelathini, katika ofisi moja ya mizigo karibu na bandari. Nilipostaafu nilitoka na vitu viwili: saa ya ukutani isiyokwenda, na imani kwamba hakuna jambo duniani lisilonyooka likishapigwa chapa. Vidole vyangu vyote kumi vilikwenda bila macho kuangalia. Nyumbani kwangu Kibokoni, ghorofani, nikaweka kompyuta ya mezani katika chumba cha nyuma, nikaifunika kitambaa cha kufuma, na jamaa wakaanza kuniletea mambo yao: barua, maombi, hotuba, taazia. "Mpelekeeni mwenye mashine," walikuwa wakisema, nami kila nikilisikia hilo kichwa kilivimba.

Sasa, asiyekulia kwetu huenda asijue mwalishi ni nani. Mwalishi ni mwanamke anayetumwa kubisha mlango mmoja baada ya mwingine kuwaalika wanawake harusini na kwenye kupamba, ule usiku wa kumtazama bibi harusi. Kadi haitoshi, na simu haitoshi. Ukimpelekea mtu ujumbe wa simu tu, atakujibu inshallah na dua juu yake, na siku yenyewe hutamwona, kwa sababu kwake yeye hajaalikwa: hakuna aliyesimama mlangoni pake akautamka mwaliko. Na nyumba iliyorukwa haisahau. Nawajua mabinamu wawili waliozeeka bila kusemezana kwa sababu ya mlango mmoja uliopitwa.

Katika ukoo wetu mwalishi alikuwa shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mwanamke mwembamba wa miaka themanini hivi anayekaa peke yake Mkanyageni. Nyumba zote zilikuwa kichwani mwake. Alijua nani ni wa nani, nani aanze kualikwa, na nani asisikie habari kabla ya nani. Hajawahi kuandika hata moja.

Hapo ndipo nilipoingia mimi na vidole vyangu kumi.

Mwaka juzi mwanangu wa kiume alipokaribia kuoa, nilimleta shangazi kwangu, nikamkalisha kitini kando ya mashine, nikamwomba anitajie nyumba zote. Alitaja kwa alasiri tatu. Alikuwa amefumba macho, na miguu yake ikisogea polepole juu ya mkeka, wa kulia, wa kushoto, wa kulia. Nilidhani ni mbu. Nikamwashia feni. Tulipomaliza nikazipanga nyumba zote kwa alifabeti, kwa kubonyeza mara moja tu, nikamgeuzia kioo aone.

"Shangazi, sasa pumzika," nilimwambia. "Umetembea ya kutosha. Kila kitu kimo humu."

Alikiangalia kioo kwa muda. "Haya," alisema, akaomba buibui lake.

Nilikwenda kualika mwenyewe, karatasi mkononi. Alifabeti, nilikuja kugundua, haijui mitaa. Ilinitoa Kibokoni ikanipeleka Kuze, ikanirudisha Kibokoni, ikanitupa Makadara, ikanirudisha Kibokoni mlango wa tatu kutoka ule wa kwanza. Kwenye pembe moja yenye muuza kahawa nilipita mara saba, hata wazee wa pale wakaacha kuniamkia na kuanza kunihesabu. Baya zaidi ni kwamba nyumba kubwa ya ukoo wetu, ile inayotakiwa kusikia kabla ya wote, jina lake linaanza na herufi ya mwisho. Niliifikia siku ya nne. Bibi wa pale alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole kama paka wa Makadara nao wamekwisha kualikwa.

Harusi ilipita salama. Shangazi hakuja. Tulisema ni miguu, kwa umri ule nani atamlaumu, nami nikamfungia sahani kubwa ya pilau nikampelekea. Karatasi niliitupa, maana orodha ilikuwa ndani ya mashine.

Mwaka huu ikawa zamu ya mdogo wangu wa kike kumwoza binti yake. Alinipigia simu majuma manne kabla. "Ile orodha ipo?" Nikamjibu ipo, salama salimini. Nilisema kwa sauti ya mtu aliyeulizwa swali la kipuuzi. Siku ya pili yake nikaiwasha kompyuta, ikatoa sauti ya kugongagonga, tik, tik, tik, kioo kikabaki cheusi.

Nilifanya yote ambayo mtu mwenye akili asingefanya. Niliizima nikaiwasha mara kumi na tano. Niliipiga kofi ubavuni, kisha nikaipapasa nikaiomba radhi. Niliisomea dua. Halafu nikaangalia kwenye simu, ambako mtu mmoja mwenye uso wa kuaminika alieleza kwamba diski, yaani ile sehemu ya ndani inayohifadhi kila kitu, ikigonga hivyo huponywa kwa baridi. Nikaifungua mashine kwa bisibisi na kisu cha kumenyea vitunguu, nikaitoa diski, nikaitia kwenye mfuko wa plastiki, nikailaza katika friza usiku kucha kati ya samaki wawili aina ya changu na pakiti ya tui. Asubuhi diski ilikuwa baridi sana. Mabadiliko mengine sikuyaona.

Msidhani sikuwa na akiba. Nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeinakili orodha kwenye flashi, nikaitundika flashi hiyo kwenye msumari wa saa ya ukutani ili isipotee. Nikaichukua mpaka kwa jirani, tukaichomeka. Lilikuwamo faili moja, lenye jina sahihi kabisa, na lilipofunguliwa halikuwa na kitu. Nilichokuwa nimenakili ni kile kijipicha cha kwenye kioo kinachoonyesha faili liko wapi, si faili lenyewe. Kwa miaka miwili nilihifadhi kibao cha njia nikidhani nimehifadhi mji.

Kumwendea shangazi hakukunijia akilini. Naandika uongo: kulinijia mara ya kwanza kabisa, kabla hata ya kofi, nikakufukuza. Ningemwambia nini? Nilikuwa tayari kuzungumza na samaki kuliko kubisha mlango ule.

Basi nikaibeba mashine yote na diski yake kwenye tuktuk mpaka Makadara, kwa fundi mmoja wa ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Ni mtu wa bara, mtu mzima, mpole, mwenye msalaba mdogo wa mbao juu ya meza yake na miwani miwili, mmoja wa kuangalia watu na mwingine wa kuangalia vyuma. Alifungua kifuniko cha mashine, akanusa, akavua miwani ya vyuma akavaa ya watu.

"Mama," aliniuliza, "hii kompyuta imetoka kwenye harusi?"

Ikabidi nieleze. Kila Alhamisi nilikuwa nafukiza udi chumbani, na chetezo nilikiweka chini ya meza ili moshi ushike mapazia. Kompyuta ilikuwa papo hapo chini. Niliuona moshi ukivutwa ndani kwa vile vitundu vya ubavuni, na niliona ni jambo jema, nikifikiri nayo ipate sehemu yake. Fundi alipitisha kidole juu ya feni ya ndani, kikatoka cheusi chenye kunata. Feni ilikuwa imeganda. Mashine ilijipika yenyewe Alhamisi baada ya Alhamisi, na diski ikaungua pamoja nayo.

Kisha akaichukua diski yenyewe, akainusa pia. "Na hii?"

"Hiyo ilikuwa kwenye friza," nikasema.

Akainusa tena. "Pamoja na samaki," alisema, si kwa kuuliza.

Aliniambia niache siku tatu. Alieleza kwamba atajaribu kuichota diski yote kidogokidogo kabla haijafa kabisa, na kwamba vitakavyotoka vitatoka bila majina. Sikumwelewa mpaka niliporudi. Alikuwa amepata maelfu ya faili, na kila moja jina lake lilikuwa namba. Orodha yangu huenda ilikuwamo. Njia pekee ya kuijua ilikuwa kufungua moja moja. Akanivutia kiti kando yake, na mimi niliyeamini katika mpango nikaanza kutafuta nyumba za jamaa zangu ndani ya gunia.

Sipendi kueleza yaliyotoka humo, lakini nimeahidi nafsi yangu kusema kweli. Ilitoka barua ya malalamiko juu ya paka wa jirani, kurasa nne, sikuipeleka. Zilitoka picha ishirini za mguu wangu mwenyewe, nilipokuwa najifunza kutumia kamera. Zilitoka tawasifu zangu kumi na moja, zote zikianza na neno "Nilizaliwa" na hakuna hata moja iliyofika ukurasa wa tatu. Hii mnayoisoma ni ya kumi na mbili.

Halafu fundi akafungua moja, akaisoma kimya, akavaa miwani ya watu. "Pole sana kwa msiba, mama."

Ilikuwa taazia ya mzee mmoja wa mtaani kwetu. Aliugua sana wakati fulani, jamaa zake wakanihimiza niwe tayari, nami nikawa tayari kupita kiasi.

"Hajafa," nikasema.

"Hajafa?"

"Nakutana naye kila asubuhi akienda sokoni."

Fundi aliisoma tena mpaka chini. "Lakini ni nzuri," alisema. "Itunze."

Siku ya pili, karibu na adhuhuri, orodha ilitokea. Niliiona mistari yangu, nikaona nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nikashika mkono wa fundi bila kufikiri. Aliteremka nayo taratibu. Nyumba ziliendelea mpaka herufi ya K. Baada ya hapo vikafuata visanduku vitupu, safu kwa safu, mpaka mwisho wa ukurasa. Nusu ya pili ilikuwa imeungua. Alijaribu njia nyingine, na nyingine, mchana kutwa, wala hakulalamika, na mwisho akazima kioo kwa heshima kama mtu afumbaye macho ya maiti.

"Hizi nyingine hakuna mtu anayezijua?" aliuliza. "Aliyekutajia mwanzo yuko wapi?"

Yuko Mkanyageni, nikasema, mwendo wa dakika kumi.

Alinitazama kwa miwani ile ile ya kuangalia vyuma.

Nilikwenda kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimetunga maneno njiani, mazuri, yenye mpangilio, na shangazi alipofungua yote yakanitoka. Nikamwamkia, nikamwambia mashine imekufa na nyumba zimekufa nayo, na kwamba niliona haya. Sikuongeza. Yeye hakusema nilikwambia, kwa sababu kwa kweli hakuwahi kuniambia kitu. Nikatoa daftari na kalamu, nikamwomba anitajie tena kuanzia herufi ya L.

"Herufi sizijui mimi, mwanangu," alisema. "Na nikiketi sizioni hizo nyumba. Ndoo twende."

Alivaa buibui, tukatoka. Hapo ndipo nilipoelewa wale mbu wa mwaka juzi. Alasiri zile tatu shangazi alikuwa akitembea. Alikuwa akipita mitaa yote akiwa kitini mwangu, mguu kwa mguu, nami nikimwashia feni.

Tulianzia nyumba kubwa. Alisimama nje ya kizingiti, akapiga hodi mara tatu, na bibi wa ndani alipotokea akatamka kwa sauti moja, bila haraka: "Mamake bibi harusi awasalimu sana, awaalika kupamba kwa mwanawe, Jumamosi baada ya isha. Muye na wenu." Bibi akajibu kwamba wamepokea na watakuja, akamkaribisha ndani. Shangazi akakataa. Mwalishi haingii wala hanywi maji njiani, aliniambia tulipogeuka, kwa sababu ukinywa kwa mmoja itabidi unywe kwa wote. Kwa mujibu wa hesabu yangu ningekuwa nimekunywa pipa.

Tulikwenda hivyo asubuhi tatu. Ndia Kuu, Kibokoni, Kuze, kisha vichochoro ambavyo mimi mzaliwa wa hapa sikujua vinatokea wapi. Yeye mbele akialika, mimi nyuma nikiandika kwa mkono kama mwanafunzi. Kwenye nyumba moja iliyogeuzwa duka la vinyago alimwuliza mwenye duka wenyewe wamehamia wapi, na tukaenda. Wengine walikuwa wamehamia Kizingo, kwenye nyumba zenye bustani na mageti marefu. Tulipanda tuktuk. Getini kulikuwa na kitufe na kisemeo. Shangazi aliinama, akakitolea kile kisemeo salamu nzima na mwaliko wote, mpaka muye na wenu. Askari aliyesimama pale akasema atawaambia.

"Weye si mwalikwa," shangazi alimjibu kwa adabu, akabaki amesimama juani mpaka mwenye nyumba akatoka na ndara miguuni.

Mimi ndiye niliyechoka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema wazee. Langu halikuvunjika, ila vifundo vilifura, na siku ya tatu nikajitupa kwenye baraza la watu nikihema.

"Miguu yakuuma?" shangazi aliniuliza. Hakuwa na hata jasho.

Nilicheka, nikamwambia ndiyo. Kuna kitu kilinichoma katika swali lile, lakini sikukishika.

Nyumbani nilikaa na daftari langu na ile nusu ya orodha aliyoniokolea fundi, nikaanza kulinganisha. Nyumba zote zilikuwapo. Nilikuwa nimefurahi, hata nikaanza kufikiri nitakavyolipiga chapa daftari lile kwa utaratibu mpya, kwa mitaa. Nikalipitia mara ya mwisho kuona kama kuna mlango uliopitwa. Nikafika Mkanyageni. Nyumba ya kulia ilikuwamo, na ya kushoto. Ya katikati haikuwamo. Haikuwamo katika daftari, wala katika orodha ya mashine, ingawa jina lake lilikuwa kabla ya K na lilistahili kuwa hai. Haikuwahi kuandikwa. Ilikuwa nyumba ya shangazi.

Mtu anayetaja nyumba za watu hataji yake. Zamani haikuwa na maana, kwa sababu kumtuma ndiko kulikokuwa kumwalika. Mwaka juzi nilimwambia apumzike, na baada ya hapo hakuna aliyebisha mlango wake. Mwanangu alioa, mjukuu wa kaka yake, na yeye alikaa Mkanyageni akingoja hodi, nami nikawaambia watu ni miguu. Miguu ile ile iliyoniacha nikihema barazani. Kisha nikampelekea pilau.

Nililia, sitasema uongo. Halafu nikampigia mdogo wangu nikamweleza, akasema, "Nakutuma wewe."

Nilivaa buibui safi, nikaenda. Nilisimama nje ya kizingiti. Nilipiga hodi mbili, nikasikia sauti ya ndani ikisema hodi ni tatu, nikapiga ya tatu. Shangazi alichukua muda. Alipofungua alikuwa amejitanda vizuri kwa leso yake ya kutokea, na nikajua alikuwa amechungulia dirishani.

"Mamake bibi harusi akusalimu sana," nilisema, nikasahau linalofuata, nikaanza upya. "Akusalimu sana, akualika kupamba kwa mwanawe, Jumamosi baada ya isha. Uye na wako."

Alisikiliza mpaka mwisho. "Hini ni ya harusi ipi?" aliuliza. "Ya binti wa mdogo wako, au ile ya mwanao?"

"Zote mbili, shangazi."

Alifikiri juu ya jambo hilo, mkono ukiwa mlangoni.

"Ile ya mwanao imenipita," alisema. "Hini n'takuya."

Kisha akasogea kando, akaniachia nafasi, akanyosha kidole kwenye mtungi wa maji. "Haya, ingia unwe mai," alisema. "Umemaliza."